Discogs kwa mkusanyaji wa santuri za Afrika Mashariki: daftari la kutegemea, soko la kuingia macho wazi

Anayetafuta santuri ya NUTA Jazz leo, awe Tanga, Muscat au Minneapolis, hachukui muda kabla hajafika Discogs. Tovuti hii ilianzishwa mwaka 2000 na Kevin Lewandowski, mtaalamu wa programu wa jimbo la Oregon, Marekani, kwa ajili ya muziki wa kielektroniki peke yake. Baadaye ikafungulia mlango muziki wa kila aina, na tangu katikati ya muongo ule ina soko ndani yake. Matoleo yaliyoandikwa humo yamepita milioni 15, na walioyaandika ni watumiaji wenyewe, kila mmoja akiwa na santuri yake mkononi.

Tathmini hii inaiangalia kwa jicho la mkusanyaji wa dansi, taarab, benga na rumba. Kwa mtu huyo Discogs ni huduma mbili zinazoishi chini ya jina moja. Ya kwanza ni daftari la matoleo, na halina mpinzani. Ya pili ni soko, na huko ndiko pesa zinakopotea, kwa sababu wanunuzi hulipa soko imani ile ile waliyoizoea kwenye daftari. Daftari linakueleza santuri ni ipi. Haliwezi kukueleza nakala unayotaka kununua imepitia mikononi mwa nani.

Daftari

Kila toleo lina ukurasa wake, na matoleo ya albamu moja huunganishwa na ukurasa mama. Kwa muziki wa ukanda wetu mpangilio huu una thamani kubwa. Rumba ya Kongo ya miaka ya 1970 iliweza kutoka Kinshasa, ikatoka Ufaransa katika mfululizo wa African wa kampuni ya Sonodisc wenye namba zinazoanza na 360, kisha ikatoka Nairobi kwenye lebo kama ASL. Muziki ni ule ule, lakini hizo ni santuri tatu zenye sauti tatu na bei tatu. Vivyo hivyo Orchestra Makassy na Orchestra Super Mazembe: albamu zao za Agwaya (1982) na Kaivaska (1983) zilitolewa na Virgin ya Uingereza, zikasambaa Ulaya, na nakala safi bado zinapatikana huko bila jasho jingi. Santuri ndogo za bendi hizo hizo zilizochapwa Nairobi ni habari nyingine. Zilipigwa kwenye baa mpaka zikachoka, na iliyobaki safi inatafutwa kwa tochi.

Njia nzuri ya kutafuta ni kuanza na namba ya katalogi iliyo kwenye lebo, na jina la wimbo lije baadaye. Polydor ya Kenya ilitumia POL kwa santuri ndogo na POLP kwa LP, yaani santuri kubwa. Philips ilikuwa na namba za PK 7. Andika namba kwa zaidi ya namna moja: yenye nafasi, isiyo na nafasi, yenye kistari. Aliyeiingiza huenda aliiandika tofauti na ulivyoiandika wewe. Programu ya simu ya Discogs inaweza kusoma msimbo wa mistari kama ule wa dukani, na ni raha tupu kwa CD na LP za karibuni, lakini kwa santuri ya Nairobi ya 1975 haina msaada wowote kwa kuwa msimbo wenyewe haupo.

Ukishapata ukurasa unaofanana, usitosheke na picha ya lebo. Geuza santuri chini ya taa iliyoinamishwa, tochi ya simu inatosha, usome namba zilizochorwa kwenye ukanda laini ulio kati ya mwisho wa wimbo na lebo. Hizo ndizo zinazotambulisha bamba lililotumika kiwandani. Zikitofautiana na za kwenye ukurasa, kuna mambo matatu ya kuangalia: una chapa nyingine ya toleo lile, aliyeingiza alikosea kusoma, au lebo zilibandikwa kinyume, ya upande A ikaenda B. Kosa hili la mwisho ni la kiwandani, na kuligundua ni lazima usikilize. Kwa santuri ndogo zetu linasumbua zaidi kwa sababu wimbo mmoja mrefu mara nyingi ulikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza A na sehemu ya pili B, ambako ndiko gitaa linapokolea. Lebo zikigeuka, unaanza na mkolezo kabla ya mashairi.

Udhaifu wa daftari umekaa kwenye majina. NUTA Jazz iliyoanza 1964 ndiyo JUWATA Jazz, ndiyo OTTU Jazz, ndiyo Msondo Ngoma. Mzee yeyote wa Dar anaujua mlolongo huo, ila mtu aliyeingiza santuri moja tu akiwa Rotterdam hana sababu ya kuujua. Kanuni ya Discogs ni nzuri: jina liandikwe kama lilivyo kwenye lebo, kisha liunganishwe na jina kuu la msanii. Kwa hiyo tahajia mbili za jina la mwimbaji mmoja wa taarab, Bhalo na Balo, zinaweza kukaa ukurasa mmoja bila lebo kupotoshwa. Tatizo hutokea pale asiyejua Kiswahili anaposoma "na wenzake" au "na kundi lake" akadhani ni sehemu ya jina, akafungua ukurasa mpya wa msanii. Ukitafuta msanii wa taarab, jaribu tahajia zote unazozifahamu, halafu pitia pia ukurasa wa lebo, yaani wa kampuni iliyotoa santuri. Kwa Mombasa, ukurasa wa Mzuri, lebo ya duka la Assanand, utakufikisha mahali ambapo majina ya wasanii hayatakufikisha.

Makosa mengine mawili hujirudia. La kwanza ni nchi. Bendi ikiwa ya Morogoro au Dar, mwingizaji huandika Tanzania, hali lebo yenyewe inasema imetengenezwa Kenya. Nyimbo nyingi za bendi za Tanzania zilichapwa na kutolewa Nairobi, na nchi inayotakiwa kwenye ukurasa ni ya toleo, hata kama waimbaji kwao ni kwingine. La pili ni mwaka. LP za Ukumbusho za Mbaraka Mwinshehe zilitolewa na Polydor baada ya kifo chake cha Januari 1979, zikiwa na nyimbo alizorekodi miaka kadhaa kabla. Mwaka wa wimbo na mwaka wa santuri ni vitu viwili. Pasipo na mwaka kwenye lebo, fungua ukurasa wa lebo, zipange kwa namba ya katalogi, uangalie majirani wa juu na wa chini wenye mwaka uliochapishwa. Hapo utapata makadirio ya kujua unachonunua. Kwenye ukurasa wenyewe, mwaka usio na ushahidi uachwe wazi.

Na alama ya mtindo, "African", imebebeshwa mzigo usiobebeka. Chini yake wamekaa Culture Musical Club, kundi la taarab la Zanzibar, na benga ya Nyanza na gitaa la nyimbo za Katanga. Usichuje kwa mtindo, utakosa mengi ya unayoyataka.

Kuingiza santuri isiyokuwemo

Hili ndilo jambo ambalo msomaji wa Kiswahili analifanya vizuri kuliko mtu mwingine yeyote, na ni bure. Akaunti inatosha. Kabla hujaanza, piga picha za lebo zote mbili zikiwa zimenyooka, bila mwako wa taa katikati, pamoja na jalada mbele na nyuma kama lipo. Kisha jaza: msanii kama alivyoandikwa, jina la wimbo herufi kwa herufi hata kama kuna kosa la chapa, lebo, namba ya katalogi, nchi, aina (vinili, inchi 7, mizunguko 45), mtunzi, na namba zilizochorwa karibu na lebo, kila upande peke yake. Kosa la tahajia lililo kwenye lebo lisisahihishwe kwenye jina. Lielezwe kwenye sehemu ya maelezo. Huko pia andika kilichochapishwa kwa Kiswahili kama kilivyo: "Muimbaji", "Solo gitaa", "Besi".

Ukurasa unaonekana hapo hapo, na watumiaji wengine hupiga kura kama umekamilika au unahitaji marekebisho. Kura mbaya zikikuzidi, uwezo wako wa kuingiza hupunguzwa kwa muda. Kinachowaangusha wengi ni kufungua ukurasa mpya kwa tofauti ndogo ya namba iliyochorwa. Kanuni hazikubali: tofauti za kiwandani pekee hazitoshi kuwa toleo jipya. Rangi ya lebo au muundo wake ukibadilika, hapo una toleo jingine.

Madaraja: hapa ndipo pa kukaza macho

Wauzaji wa Discogs hutakiwa kutumia kipimo cha Goldmine, jarida la Marekani la wakusanyaji. Kutoka juu kwenda chini: M (mint, kamilifu), NM (near mint), VG+ na VG (very good), G+ na G (good), F (fair), P (poor, mbovu). Daraja la santuri na daraja la jalada hutajwa kila moja peke yake. Kwa kipimo hicho VG+ inathaminiwa karibu nusu ya bei ya NM, VG karibu robo, na G au G+ asilimia 10 hadi 15. Neno "good" lisikudanganye. Santuri ya daraja G itapigika bila kuruka, lakini itakaanga vitumbua mwanzo hadi mwisho.

Kasoro ya kipimo ni kwamba wauzaji wengi hupima kwa macho. Kwa LP ya Ulaya iliyokaa sebuleni, macho yanaweza kutosha. Kwa santuri ndogo ya Afrika Mashariki hayatoshi hata kidogo. Mitambo ya zamani ya kupigia santuri yenye vichwa vya seramiki ililaza sindano kwa gramu 5 au zaidi, wakati kichwa cha kisasa kama Audio-Technica VM95E kinalaza gramu 2. Sindano nzito iliyochakaa, ikipita mara mia kwenye baa, hula kuta za mifereji bila kuacha mkwaruzo unaoonekana. Santuri inang'aa. Ukiipiga, sauti ya mwimbaji inapasuka kila anapopanda juu, na tarumbeta zinatoa mkwaruzo. Hakuna usafi unaoondoa hilo, maana plastiki yenyewe imekwisha kuondoka. Wakati mwingine mng'ao hufifia kuwa wa kijivu ukiiangalia kwa ubavu, na hiyo ni dalili, ila zipo zilizoliwa zikiwa bado nyeusi.

Basi daraja lisilo na maneno lisikutoe pesa. Ukurasa wa mauzo una nafasi ya maelezo ya muuzaji, na huko ndiko kwa kusoma. "VG+, imepigwa, mivumo midogo mwanzoni mwa A, sauti haipasuki" ni maelezo ya mtu aliyesikiliza. "VG+, tazama picha" ni ya mtu aliyeangalia. Kabla ya kuagiza mtumie ujumbe, umuulize: umeipiga kwa mtambo? Sauti inapasuka kwenye sehemu za juu? Imepinda, na kama imepinda sindano inaruka? Tundu la katikati ni la asili au limepanuliwa? Santuri zilizotumika kwenye mashine za kulipia za baa zilipanuliwa tundu, mara nyingine kwa kisu, na likichongwa nje ya kati wimbo mzima utayumba kama mlevi. Adapta ya plastiki itaijaza nafasi, lakini haitarudisha kati iliyopotea. Omba pia kipande cha sauti cha sekunde 30 kutoka mwisho wa upande. Karibu na lebo mzunguko huwa mfupi, mifereji imebanana, na uchakavu husikika huko kabla ya kwingine. Muuzaji makini hatakasirika.

Jina la mwenye santuri lililoandikwa kwa kalamu kwenye lebo hushusha daraja kwa mkusanyaji wa Ulaya. Kwa maoni ya tathmini hii halipaswi kukutisha. Sauti haiguswi na wino, na bei inashuka. Stika iliyobandikwa juu ya jina la wimbo ni kero zaidi, na usiivute, iache.

Bei

Chini ya kila toleo utaona bei ya chini, ya katikati na ya juu ya mauzo yaliyopita. Fungua historia yenyewe uone tarehe na daraja la kila nakala iliyouzwa. Kwa albamu maarufu ya Marekani, bei ya katikati inatokana na mauzo mengi na inaaminika. Kwa santuri ndogo ya bendi ya Tabora huenda ni mauzo mawili, moja la nakala iliyoliwa na jingine la NM, na "katikati" yake haimaanishi kitu. Ambako imeandikwa haijawahi kuuzwa, bei unayoiona ni ombi la muuzaji tu. Iache ikae kwenye orodha yako ya unazozitafuta, uone kama inashuka. Wauzaji wengine wameruhusu kitufe cha kutoa bei yako, na ombi lenye adabu linalotaja mauzo ya nyuma hufanikiwa mara nyingi kuliko linalokata nusu bila maelezo.

Kama unachotaka ni muziki wenyewe, mkusanyo mpya utakupa zaidi kwa pesa ile ile. Kenya Special ya Soundway (2013, na ya pili 2016), mfululizo wa Zanzibara wa Buda Musique ya Ufaransa, na santuri ndogo zinazotolewa upya na Afro7 zina sauti iliyosafishwa na maelezo ya kina. Hizi zitafute kwanza dukani kwa mwenye lebo. Discogs ni ya zile zilizokwisha.

Posta na malipo

Mnunuzi wa Nairobi au Dar atakutana na ujumbe kwamba bidhaa haipatikani nchini mwake. Maana yake ni ndogo kuliko inavyosikika: muuzaji hajaweka bei ya posta ya nchi hiyo. Mwandikie, na wengine huiongeza ndani ya siku moja. Santuri ndogo moja ina uzito wa karibu gramu 40, kumi zikiwa zimefungwa vizuri hazifiki kilo moja. LP na jalada lake ni gramu 220 hadi 300, na ikifungwa hukaribia nusu kilo. Ndiyo maana kuagiza LP moja ya bei rahisi kutoka ng'ambo ni hasara, posta huizidi santuri. Ingia kwenye duka la muuzaji, chuja zilizo kwenye orodha yako, ukusanye kadhaa kwa safari moja. Weka na akiba ya ushuru na kodi ya forodha. Kenya kodi ya ongezeko la thamani pekee ni asilimia 16.

Omba santuri itolewe ndani ya jalada na kuwekwa nyuma yake kwenye mfuko wake. Ikisafiri ndani, kila ikidondoshwa hupiga ukingo kama patasi na mshono wa jalada hupasuka. Karatasi ngumu mbili, moja kila upande, mistari yake ikipishana, huzuia kifurushi kukunjika. Lipia usajili wenye namba ya kufuatilia.

Kulipa kwa PayPal au kadi kunakubalika, na Kenya kadi pepe ya Visa ya M-PESA GlobalPay, iliyoanza 2022, inatosha. Anayeuza kutoka Kenya anaweza kuhamisha pesa za PayPal kwenda M-PESA. Ajue kwanza hesabu ya ada: Discogs huchukua asilimia 9 ya bei pamoja na posta. Santuri ya dola 20 yenye posta ya dola 18 inakatwa dola 3.42, kabla ya makato ya PayPal. Ukiipanga bei bila kuiweka posta ndani ya hesabu, utajikuta unagharamia kifurushi cha mteja.

Kanda ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya dansi na taarab ya miaka ya 1980 na 1990, na hapa soko linakwama. Toleo lisilo rasmi linaweza kuandikwa kwenye daftari, ila kuuzwa limezuiwa, na kanda nyingi za mitaani zilinakiliwa bila ruhusa. Bongo Fleva ya leo nayo iko mtandaoni zaidi kuliko kwenye vinili, na faili haziuzwi Discogs. Kwa kanda, nenda kwa wauzaji wa mkononi. Hata kwa santuri, vibanda vya Kenyatta Market, Nairobi, vinakupa kitu ambacho tovuti haitaweza: kuishika nakala yenyewe kabla pesa haijatoka mfukoni.

Kifurushi kikifika

Kipige picha kabla ya kukifungua, kisha rekodi video wakati wa kufungua. Kikiwa kimetoka kwenye gari lenye joto, acha santuri ilale bapa ipoe kwanza. Ioshe kwa maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, yanayouzwa kwa ajili ya betri bila tindikali, na tone moja la sabuni ya vyombo. Futa kwa kitambaa laini ukifuata mifereji, suuza, kausha ikiwa imesimama. Kwa santuri za mizunguko 78 za kale, spiriti isiguse kabisa, inayeyusha shelaki, utomvu mgumu uliotumika kuzitengeneza. Hizo zinataka pia sindano yake, pana zaidi ya mara nne ya ile ya LP. Sindano ya kawaida huzama hadi chini na kusoma vumbi. Piga pande zote mbili mpaka mwisho kabla ya kumpa muuzaji alama, maana alama ukishaitoa nguvu ya kuzungumza imekuponyoka. Pakiwa na tofauti kati ya daraja na sauti, mwandikie kwa upole ukiambatanisha kipande cha sauti, uombe sehemu ya pesa irudishwe. Ukilipa kwa PayPal una siku 180 tangu siku ya malipo kufungua dai. Zihesabu kuanzia siku uliyolipa, kwa sababu posta ya polepole inaweza kula nyingi kati yake kabla hujaiona santuri.